Boti ya kwanza ipimwe kwa maji yaliyokupwa

Mtu wa pwani akiamua kuachana na tanga na kununua boti yake ya kwanza ya mashine, swali atakaloulizwa kijiweni ni moja: mashine ya ngapi, yaani ya nguvu za farasi ngapi? Kumi na tano, ishirini na tano, arobaini? Likishajibiwa hilo, mazungumzo huhamia kwenye bei, kisha urefu wa boti, kisha aina ya faiba na fundi aliyeitengeneza. Kina cha maji dikoni pale bahari inapokuwa imejitoa hakitajwi, au hutajwa mwisho kabisa, fedha zikiwa zimeshalipwa. Hoja yangu ni kwamba utaratibu huo umegeuzwa juu chini. Kwa yeyote ambaye chombo chake kitalala katika diko la kina kifupi, kipimo cha kwanza ni maji yanayobaki wakati wa bamvua kubwa, na kila kitu kingine, ukiwamo ukubwa wa mashine, kifuate baada ya hapo. Nasema boti ya kwanza kwa makusudi. Mwenye boti tatu anaweza kumudu moja inayosubiri maji. Mwenye moja, ikikwama, amekwama nayo.

Bahari ya upande wetu haina mzaha katika jambo hili. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kila kujaa au kupwa kukichukua saa sita na dakika chache, na ratiba nzima husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Unguja na Dar es Salaam, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua hukaribia mita 4, hasa bamvua za Machi na Septemba. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hushuka hadi kama mita 1. Katika sehemu kubwa ya Mediterania maji hupanda na kushuka kidogo tu, ndiyo maana huko boti yenye mkuku mrefu inaweza kukaa gatini mwaka mzima bila mwenyewe kupoteza usingizi. Kisha kuna suala la saa. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu baada yake, maji ya Zanzibar na Mombasa hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Ndivyo ilivyo mwezi baada ya mwezi. Maana yake ni kwamba siku ambazo bahari hujitoa kuliko zote, hujitoa saa nne asubuhi, wakati soko limechangamka, ofisi ziko wazi na mgonjwa anatakiwa awe ameshafika kliniki.

Mabaharia wana kanuni ya zamani ya kugawa badiliko la maji katika mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Haiendi sawa hadi sentimita ya mwisho, lakini inatosha kufanyia uamuzi wa fedha. Chukua diko ambalo mchanga wake huonekana pale tu bamvua inapofika chini kabisa, na bamvua hiyo iwe ya mita 3.6. Saa moja baada ya maji kuanza kurudi, kina ni sentimita 30. Baada ya saa mbili ni sentimita 90, na baada ya tatu ni mita 1.8. Sasa weka boti mbili hapo. Ya kwanza huelea kwenye sentimita 30: itakaa chini saa moja kabla ya kupwa na saa moja baada yake, jumla saa mbili kwa kila kupwa, saa nne kwa siku nzima. Ya pili inataka sentimita 90: imefungwa saa nne kwa kila kupwa, saa nane kwa siku. Sentimita 60 ambazo hakuna aliyeziulizia karakana zimekula saa nne za kazi. Diko likiwa juu zaidi ya hapo, kama yalivyo mengi ya Ghuba ya Chwaka na mashariki ya Unguja, ambako bahari hutoka hadi wakulima wa mwani wakaenda mashambani kwa miguu, boti zote mbili hupoteza saa nyingi na pengo kati yao hupungua. Huko tofauti kubwa huwa ni ipi inaweza kukaa kavu bila kuumia, jambo nitakalolirudia.

Wanunuzi wengi hudanganywa na maji mafu. Katika diko lile lile la mfano wetu, siku ya maji mafu bahari haishuki chini ya mita moja na ushei, kwa hiyo boti ya sentimita 30 na boti ya sentimita 90 zote huelea mchana kutwa, na mtu akitazama haoni tofauti. Mwenye kuuza akiileta boti kwa majaribio siku kama hiyo, hajasema uongo. Bahari ndiyo imemsaidia kuuza. (Picha za matangazo nazo karibu zote hupigwa maji yakiwa yamejaa, na sijui ni nani angenunua kwa picha ya boti iliyolalia ubavu topeni.) Upande wa pili wa sarafu hiyo huwapata wenye kupandisha chombo juu ya ufuo. Boti iliyosukumwa hadi mahali ambapo maji ya kilele cha bamvua hufika haitashushwa kirahisi siku tano baadaye, kwa sababu maji mafu hayapandi hadi hapo. Kama ni nzito kiasi cha kushinda mabega ya watu kumi, itangoja bamvua inayofuata, wiki moja na zaidi.

Wenyeji wa visiwa vya Lamu hawahitaji kuelezwa haya. Vyombo vinavyotoka Lamu kwenda kisiwa cha Pate hushusha watu Mtangawanda, kwa kuwa mji wenyewe wa Pate hufikika kwa maji makubwa tu, na Siyu huingiwa kwa kijito cha mikoko ambacho maji yakitoka hubaki tope. Mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, nao una saa zake. Jirani na visiwa hivyo hivyo, upande wa bara, kuna bandari mpya ambayo gati lake la kwanza lilizinduliwa Mei 2021, na mkondo wake ulichimbwa hadi kina cha mita 17.5 ili kupokea meli kubwa za makontena. Hakuna aliyechimba kijito cha Siyu. Wajenzi wa zamani wa pwani hii walilijua tatizo na walilijibu kwa umbo la chombo: mtepe ulishonwa kwa kamba badala ya kupigwa misumari, hivyo ulipopanda mchanga mbao zake zilinyumbuka bila kupasuka, na ngalawa hadi leo hupita juu ya miamba ambako mashua ya mkuku haithubutu. Boti ya faiba imetuletea mengi mazuri, lakini imetufanya tusahau kuuliza swali ambalo babu zetu walianza nalo.

Basi boti inahitaji maji kiasi gani? Jibu lina sehemu mbili, na watu wengi huhesabu moja tu. Sehemu ya kwanza ni mwili wa boti. Boti ya mita 6 hadi 7 yenye chini pana, ambayo eneo lake linalogusa maji ni kama mita za mraba 7, huzama sentimita 10 kwa kila kilo 700 zinazopakiwa. Kwa hiyo watu kumi ni sentimita 10. Ongeza barafu, nyavu na madumu ya mafuta, ni nyingine 5. Boti yenye umbo la kabari, iliyochongoka chini kutoka omo hadi tezi, huzama zaidi kwa mzigo huo huo, kwa sababu upana wake uko juu ambako maji hayajafika. Sehemu ya pili ni mashine. Mashine ya kufunga nyuma ya 15 ina propela ya kipenyo kinachokaribia sentimita 24, na chini yake kuna pezi la chuma la kuilinda. Vyote hivyo hukaa chini ya sakafu ya boti. Kwa hiyo boti inayozama sentimita 30 ikiwa na mzigo, mashine ikishushwa, inataka karibu sentimita 60 ili iende. Ukiambiwa boti inahitaji sentimita 30, uliza kama mashine imehesabiwa humo.

Hapo ndipo uchaguzi wa mashine unapoingia, na unaingia kwa umbo kabla ya nguvu. Mashine ya dizeli ya ndani, yenye shafti inayotokea chini ya tezi, ina sifa zake: hunywa mafuta kidogo, hudumu, na hubeba mzigo mzito. Lakini propela na usukani wake haviinuliwi. Chombo kikikaa chini, uzito wote unaweza kuviangukia. Mashine ya nje huinuliwa kwa mkono, na baadhi ya zile zilizozoeleka kwetu zina hatua ya katikati ya kuendeshea kwenye maji haba, nusu imeinuka, kwa mwendo wa taratibu. Kwa diko linalokauka, sioni kama kuna mashindano. Kinachosahaulika zaidi ni urefu wa shafti. Fupi ni kama sentimita 38, ndefu kama 51, na kimo cha ubao wa nyuma lazima kilingane nayo. Mtu akipata mashine ya bei nafuu yenye shafti ndefu akaifunga kwenye boti ya ubao mfupi, amejiongezea sentimita 13 za kina bila faida yoyote, na hizo katika mfano wetu, kwa boti inayotaka sentimita 30 au zaidi kidogo, ni dakika kama kumi na tatu kila upande wa maji kupwa. Nguvu ije baada ya hayo. Mashine za kuchanganya petroli na oili, zikikimbizwa mwisho, hunywa lita kama 7 kwa saa zikiwa za 15, na karibu 20 zikiwa za 40. Ile ya 40 pia ni nzito zaidi, uzito huo wote uko kwenye tezi, na tezi ndiyo inayogusa mchanga kwanza.

Wapo wanaosema boti ikikimbia hunyanyuka, hivyo kina si tatizo. Ni kweli inanyanyuka ikishapata mwendo, lakini pale inapoanza kuongeza kasi tezi huzama zaidi kabla ya kupanda, na hakuna nahodha mwenye akili anayeingia dikoni kwa kasi katikati ya watoto na mitumbwi. Dikoni boti huingia polepole, ikiwa imekaa majini kwa uzito wake wote.

Gharama ya kugusa chini haionekani siku hiyo hiyo. Mashine ya nje hupozwa kwa maji ya bahari, yanayovutwa kupitia matundu madogo juu kidogo ya propela na kusukumwa na gurudumu dogo la mpira. Ikitimua mchanga, mchanga huo huingia humo na kuutafuna mpira. Ikipita kwenye mwani au tope, matundu huziba. Dalili ni ule mchirizi wa maji unaotoka pembeni mwa mashine: ukiwa mwembamba, au ukitoka na mvuke, mashine inaungua taratibu. Spea ya mpira huo ni ndogo na fundi yeyote wa mashine anaibadilisha, ila wengi huibadilisha baada ya pistoni kukwama, siyo kabla. Boti nayo ina yake. Boti ya chini bapa au pana hukaa wima ikikauka. Yenye mkuku mrefu hulala ubavu, mafuta humwagika ndani, na maji yakirudi kwa kasi yanaweza kuingia kwa ubavu wa chini kabla chombo hakijaelea. Chaza na mawe ya matumbawe hukwangua ngozi ya faiba, na nyuzi zikishakuwa wazi hunywa maji. Mashua ya mbao ilikuwa na mkuku wa mbao ngumu uliokusudiwa kulika. Mnunuzi wa faiba amwambie fundi aweke kipande kama hicho, cha mbao au cha plastiki nzito, kinachoweza kung'olewa na kubadilishwa. Ni kazi ndogo ikifanywa karakana, na kubwa ikifanywa baada ya miaka mitatu.

Pingamizi zito kuliko yote ni la usalama. Wavuvi wazoefu watasema boti inayozama kidogo hupigwa vibaya na mawimbi ya kusi, kuanzia Aprili na kuendelea, na kwamba bora ukose saa nne dikoni kuliko ukose roho baharini. Sibishani nao kuhusu bahari kubwa. Anayevuka mkondo wa Pemba mara kwa mara, mahali ambapo kina hupita mita 700 na mawimbi hayana kizuizi, anahitaji chombo kirefu na chenye mbavu za juu, na achague bandari inayolingana nacho. Lakini boti ya kwanza ya mvuvi mdogo au ya msafirishaji wa kijijini hufanya kazi yake nyingi ndani ya mwamba, kwenye vijito na kati ya visiwa. Tena kuzama kidogo si lazima kuwe na maana ya kuwa bapa kama sahani. Omo iliyochongoka inayokata wimbi, ikilainika kuwa pana kuelekea tezi, pamoja na mbavu za kutosha juu ya maji, huhimili mengi. Chombo kinachojazwa kupita kiasi hadi ubavu ukabaki kiganja kimoja juu ya maji ni cha hatari hata kikiwa na mkuku wa mita nzima, na boya la kuokolea lililoachwa nyumbani halimfai mtu. Kuna hatari pia katika kukwama kwenyewe: boti iliyokosa maji ya jioni huwa inaingia usiku, au inabaki nje ya mwamba ikingoja.

Wengine watauliza kwa nini mtu asitie nanga boti kubwa kwenye maji mengi na kufuatwa kwa mtumbwi. Inawezekana, na wengi wanafanya hivyo. Ila gharama yake iandikwe kwenye hesabu. Kuna mlinzi wa usiku, kwa sababu mashine iliyoachwa peke yake majini huibwa. Kuna barafu inayoyeyuka wakati inasafirishwa mara mbili. Kuna mjamzito anayeshushwa kutoka chombo kimoja hadi kingine katikati ya mawimbi, kisha akatembea topeni hadi magotini. Kwa kikundi chenye fedha za boti moja, huo mtumbwi, mlinzi na muda ndiyo faida yenyewe. Na kuhusu wanaosema tusubiri serikali ichimbe diko au ijenge gati refu, sina neno dhidi ya gati. Lakini tope la kijito cha mikoko hurudi baada ya kuchimbwa, mikoko ikikatwa ufuo humomonyoka, na mwenye mkopo wa boti anaanza kulipa mwezi ujao.

Suala hili limekuwa la umma sasa, maana vikundi vingi havinunui tena kwa fedha za mfukoni. Serikali ya Tanzania na ile ya Zanzibar zimekuwa zikikopesha au kutoa boti za faiba kwa wavuvi na wakulima wa mwani, na ni jambo jema. Hatari yake ni kwamba boti za aina moja, zilizoagizwa kwa mkupuo, hupelekwa kwenye madiko yasiyofanana: moja la kina kirefu, lingine la mchanga tambarare, lingine ndani ya mikoko. Fomu ya mkopo huuliza idadi ya wanachama, katiba ya kikundi na akaunti ya benki. Iongezwe nafasi moja ya kina cha diko wakati wa bamvua, na mkopeshaji asitoe boti inayohitaji maji zaidi ya yale yaliyoandikwa hapo bila kikundi kueleza kitailaza wapi.

Kupima kwenyewe hakuhitaji mtaalamu. Mamlaka za bandari za Tanzania na Kenya hutoa majedwali ya maji kwa mwaka mzima, na wazee wa dikoni wanayajua kwa mwezi angani. Chukua mti mnyoofu, uchore alama kila sentimita 10, uusimike pale boti itakapolala, na mwingine mahali pa kina kifupi zaidi katika njia ya kutokea, kwa kuwa mara nyingi fungu la mlangoni ndilo linalofunga njia wakati diko lenyewe bado lina maji. Nenda saa nne asubuhi, siku mbili baada ya mwezi mpevu, usome. Rudi kila nusu saa hadi saa saba, uandike. Karatasi hiyo ndiyo ya kumpelekea fundi wa boti na muuza mashine, nao waseme chombo chao kitaelea saa ngapi na kitakaa kavu saa ngapi. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, kwa hiyo kikundi ambacho hakijapima kina wiki mbili tu za kusubiri, na kisitie saini kabla ya hapo.